Mchezo wa Mwenye Ardhi

Mchezo si jambo dogo kama wengi wanavyodhani. Mtoto asogezaye kete juu ya ubao hujifunza kuhesabu, kungoja zamu, kukubali kushindwa na kupima nia ya mwenzake. Na mara nyingi hujifunza pia, bila ya kuambiwa na mtu, jinsi dunia ya watu wazima inavyokwenda. Wazee wetu walilijua jambo hili tangu zamani. Katika kilima cha Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mashimo ya bao yamechongwa katika mwamba, wala halikuandikwa kando yake jina la fundi aliyeyachonga. Bao ni mali ya wote. Halina mvumbuzi wa kutajwa, na hapana mtu awezaye kudai ujira kwa kuwa limechezwa.

Walakini iko michezo mingine ambayo ilibuniwa na mtu mmoja, kwa nia aliyoijua mwenyewe, katika mwaka tunaoweza kuutaja. Michezo ya namna hiyo ni uvumbuzi, kama vile cherehani na taa ya umeme zilivyo uvumbuzi, na historia yake yaweza kuwa na haki na dhuluma ndani yake. Katika insha hii nakusudia, msomaji, kukueleza habari za mchezo mmoja kati ya hiyo. Huenda umeucheza pamoja na ndugu zako, au umeuona dukani ukiuzwa kwa jina la Monopoly: ubao wa mraba, dadu mbili, noti za karatasi, hati za viwanja na nyumba ndogo za kupanga juu yake. Jina hilo ni neno la Kiingereza lenye maana ya ukiritimba, yaani hali ya mtu mmoja kushika peke yake kitu ambacho watu wote wanakihitaji.

Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba mchezo huo ulibuniwa na mwanamume mmoja asiye na kazi, wakati wa shida kuu, akatajirika kwa akili yake. Ilikuwa hadithi tamu, lakini haikuwa kweli. Aliyeweka msingi wa mchezo huo alikuwa mwanamke, naye aliubuni miaka 30 kabla ya hapo, ili ufundishe kinyume cha mambo yanayofundishwa na mchezo wa Monopoly.

Jina lake lilikuwa Elizabeth Magie, na waliomzoea walimwita Lizzie. Alizaliwa mwaka 1866 katika jimbo la Illinois, nchini Marekani, mwaka mmoja baada ya kwisha kwa vita vilivyokomesha utumwa katika nchi hiyo. Baba yake, James Magie, alikuwa mwenye gazeti na adui wa utumwa. Mwaka 1858 alifuatana na Abraham Lincoln katika safari za Illinois, wakati Lincoln alipokuwa akishindana kwa hoja na mpinzani wake Stephen Douglas. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo alisikia habari za haki kabla ya kujua kusoma.

Lizzie alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya mwandishi wa hati mkato mjini Washington. Mkono wake ulikuwa mwepesi wa kuandika, na akili yake ilikuwa nyepesi ya ufundi. Mwaka 1893 alipewa hataza kwa kifaa alichokibuni cha kuifanya karatasi ipite kwa wepesi zaidi katika taipureta. Hataza ni cheti cha serikali kimpacho mvumbuzi haki ya kufaidi uvumbuzi wake peke yake kwa muda wa miaka fulani. Siku hizo wanawake wa Marekani hawakuwa na haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa zima, na vyeti vya namna hiyo vilivyopewa wanawake vilikuwa vichache mno. Yeye hakuogopa uchache huo. Mwaka 1906 alithubutu hata kutangaza gazetini kwamba anajiuza kama mtumwa kwa atakayetoa bei kubwa kuliko wote, ili taifa lione jinsi mwanamke alivyofanya kazi kwa mshahara usiomtosha kuishi.

Ili tuufahamu mchezo wake, yatupasa kwanza kufahamu fikira iliyouzaa. Katika mwaka 1879 mwandishi mmoja aliyeitwa Henry George alitoa kitabu juu ya maendeleo na umaskini. Alikuwa ameona jambo la ajabu: kila mji ulipozidi kuwa na reli, viwanda na majumba, ndivyo maskini walivyozidi kuonekana katika mitaa yake. Alijiuliza sababu, akaiona katika ardhi. Ardhi, alisema, haikufanywa na mtu. Kiwanja kilicho katikati ya mji kina thamani kubwa kwa sababu watu wengi wamekuja kuishi na kufanya kazi pande zake zote. Lakini faida ya thamani hiyo huingia katika mfuko wa mwenye kiwanja, hata kama amelala usingizi mwaka mzima. Kwa hiyo George alishauri kwamba serikali itoze kodi moja tu, nayo iwe juu ya thamani ya ardhi, na kazi ya mikono ya watu iachwe bila kutozwa kitu. Wengi walimfuata na wengi walimpinga. Alifariki mwaka 1897, akiwa katika kampeni ya kutaka umeya wa New York.

Lizzie Magie alikuwa mmoja wa wafuasi wake. Alifundisha fikira hizo kwa maneno, lakini aliona kwamba maneno hayatoshi. Mtu mzima aliyechoka kwa kazi ya mchana hataki kusikiliza hotuba juu ya kodi. Walakini mtu huyohuyo, ukimwekea ubao mezani, atakaa mpaka usiku wa manane. Basi alichora ubao. Mwaka 1903 aliomba hataza, na tarehe 5 Januari 1904 akapewa. Aliuita Mchezo wa Mwenye Ardhi.

Fikiri, msomaji, kwamba ubao ule uko mbele yako. Umbo lake ni mraba, na njia yake huzunguka pembeni mpaka kurudi ilipoanzia. Katika kila upande mna viwanja vya kununuliwa au kupangishwa, na kati yake kituo cha reli. Hilo lenyewe lilikuwa jambo jipya, kwa kuwa michezo mingi ya ubao ya wakati ule ilikuwa na njia moja yenye mwanzo na mwisho, kama safari. Hapa hapakuwa na mwisho. Mchezaji alizunguka na kuzunguka kama mfanyakazi azungukavyo katika siku za maisha yake. Kila alipopita pembe ya mwanzo alipokea mshahara wa dola 100, na maneno ya pembe ile yalieleza kwamba kazi juu ya ardhi, mama yetu, ndiyo izaayo ujira. Katika pembe nyingine palikuwa na bustani ya watu wote na nyumba ya mafukara. Jela nayo ilikuwa na pembe yake.

Pembe ya nne yatupasa kuitazama kwa makini zaidi. Ilikuwa shamba lililokatazwa watu kupita. Mwenye shamba alikuwa bwana mkubwa aishiye London, ng'ambo ya bahari, na mchezaji ambaye kete yake ilitua pale alipelekwa jela kwa kosa la kukanyaga ardhi ya mtu. Lizzie alieleza katika maombi ya hataza yake kwamba pembe hiyo ni mfano wa ardhi ya Marekani iliyo mikononi mwa wageni. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo. Katika nchi hii pia, kabla ya uhuru wa mwaka 1963, yalikuwapo mashamba mapana ambayo mwananchi hakuruhusiwa kuyamiliki, na mtu aliyezaliwa juu ya udongo wake aliweza kuitwa mvamizi. Mwanamke yule wa Washington hakuwa akiifikiria Kenya, lakini dhuluma aliyoichora juu ya ubao haikuwa ya nchi moja.

Sasa tazama jinsi hesabu ya mchezo inavyokwenda. Mwanzoni wote wana fedha sawa, na kila azungukaye hupata mshahara uleule. Lakini viwanja ni vichache, wala haviongezeki. Aliyetangulia kuvinunua, kwa akili yake au kwa bahati ya dadu, hupokea pango kila mara mwenzake anapotua juu yake. Kwa fedha ya pango hununua viwanja vingine, na kila kiwanja kipya humletea pango zaidi. Mshahara umesimama mahali pake, hali pango linapanda. Huja saa ambapo mchezaji mmoja hulipa kwa mzunguko mmoja zaidi ya mshahara wote aliopata, na tangu saa hiyo hapana werevu uwezao kumwokoa. Mwishowe mmoja ana vyote, na wengine hawana kitu. Hapana aliyeiba, wala hapana aliyevunja kanuni. Kanuni zenyewe ndizo zilizowafikisha hapo, na hilo ndilo somo ambalo Lizzie alitaka mchezaji alione kwa macho yake.

Wala hakuishia katika kuonyesha ugonjwa. Mchezo wake ulipoendelea kutengenezwa ulikuwa na kanuni za namna mbili. Kwa kanuni za kwanza mchezaji alijitahidi kuwafilisi wenzake. Kwa kanuni za pili pango la ardhi liliwekwa katika hazina ya wote, nalo likatumika kwa huduma za wote, hata hali ya kila mchezaji ikawa bora. Ubao ulikuwa uleule, dadu zilikuwa zilezile, na watu walikuwa walewale. Lakini sheria zilipobadilika, matokeo nayo yalibadilika. Kwa njia hiyo alitaka mtoto wa miaka 10 atambue kwamba umaskini si lazima uwe amri ya maumbile, na kwamba sheria zilizowekwa na watu zaweza kuondolewa na watu.

Mwaka 1906 mchezo ulianza kuuzwa na kampuni ndogo ya New York iliyoundwa na wafuasi wa fikira zile. Haukuuzwa sana, lakini ulienea kwa njia nyingine. Watu walioucheza kwa rafiki zao walirudi nyumbani wakajichorea mbao zao wenyewe juu ya kitambaa au karatasi ngumu. Huko Arden, kijiji cha jimbo la Delaware kilichoanzishwa mwaka 1900 na wafuasi wa Henry George, ulichezwa sana. Mkaaji mmoja wa kijiji hicho, Scott Nearing, alikuwa mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, naye aliutumia kufundishia. Wanafunzi waliuchukua wakaupeleka katika vyuo vingine. Kila ulipofika, watu waliandika majina ya mitaa ya mji wao. Na kwa kuwa sehemu ya kufilisiana ilisisimua kuliko sehemu ya kugawana, kanuni za pili zilianza kusahauliwa. Jina la mchezo nalo lilisahauliwa, watu wakauita mchezo wa ukiritimba.

Karibu na mwaka 1930 mchezo ulifika Atlantic City, mji ulio ufukoni mwa bahari katika jimbo la New Jersey. Uliletwa na mwalimu wa shule ya Quaker, wafuasi wa ile dini ya Marafiki ambayo makanisa yake ni mengi katika magharibi ya Kenya. Marafiki wa mji huo waliandika majina ya mitaa yao juu ya ubao na kuvipa viwanja bei maalumu, na majina hayo ndiyo yaliyobaki katika mchezo wa Marekani. Kutoka hapo ulifika Philadelphia kwa mtu mmoja aliyeitwa Charles Todd. Todd alipounakili ubao alikosea herufi moja: mahali panapoitwa Marven Gardens aliandika Marvin Gardens. Likumbuke kosa hili, msomaji, kwa kuwa litatufaa mbele.

Todd aliwafundisha mchezo huo Charles Darrow na mkewe. Darrow alikuwa mchuuzi aliyepoteza kazi katika anguko kubwa la uchumi lililoanza mwaka 1929. Aliupenda mchezo, akaomba apewe kanuni zake kwa maandishi, na Todd akampa. Tangu mwaka 1933 Darrow alianza kutengeneza mbao na kuziuza kwa jina lake. Haki itupasayo ni kusema kwamba alifanya kazi kwa bidii na kuupa ubao sura nzuri. Lakini alidai kwamba mchezo wote ni uvumbuzi wake, na dai hilo halikuwa la kweli. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers iliununua kwake, ikampa sehemu ya faida ya kila mchezo utakaouzwa. Katika mwaka uliofuata iliuza zaidi ya milioni moja, na Darrow akawa tajiri.

Lizzie Magie alikuwa bado hai. Mwaka 1924 alikuwa amepata hataza ya pili kwa mchezo wake uliotengenezwa upya, na kampuni haikuweza kuuza kwa amani maadamu hataza hiyo ilikuwa mikononi mwake. Katika Novemba 1935 ilimnunulia hataza hiyo kwa dola 500, bila ya sehemu yoyote ya faida ya baadaye. Mwanzoni alifurahi, akidhani kwamba sasa somo lake litafika katika kila nyumba. Lakini alipoona Darrow akisifiwa kuwa mvumbuzi, mapema mwaka 1936 alijitokeza magazetini akiwa ameshika mbao zake za zamani. Habari ilisomwa, kisha ikasahauliwa. Mwaka 1939 kampuni ilichapisha Mchezo wa Mwenye Ardhi, lakini haukupata wanunuzi wengi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1940, mahali pa kazi yake paliandikwa kuwa ni mtengenezaji wa michezo, na mahali pa mapato paliandikwa sifuri. Alifariki mwaka 1948. Darrow alifariki mwaka 1967, akiwa bado anaitwa mvumbuzi.

Waswahili husema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Njia hii ilikuwa ndefu kidogo, walakini ilifika mwisho wake. Mwaka 1973 profesa mmoja wa uchumi huko California, Ralph Anspach, alitoa mchezo wa kupinga ukiritimba, akautia jina la Anti-Monopoly. Wenye Monopoly walimwambia aliache jina hilo, naye akakataa. Kesi ilidumu karibu miaka 10. Mwaka 1977 maelfu ya michezo yake yalifukiwa jalalani katika jimbo la Minnesota. Lakini katika kujitetea Anspach alianza kuchimba historia. Alizisoma hataza za mwaka 1904 na 1924. Aliwatafuta wazee waliocheza mchezo huo kabla ya Darrow, akawakuta wakiwa bado na mbao walizozichora kwa mikono yao. Na hapo ndipo kosa la herufi moja liliposimama kuwa shahidi: ubao wa Darrow ulikuwa na jina Marvin Gardens, lenye kosa lilelile la Todd. Mtu aweza kubuni mchezo mzima kwa akili yake, lakini si rahisi kubuni kosa la mwenzake. Mwaka 1982 mahakama ya rufani ilimpa Anspach ushindi, na mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza tena kesi hiyo.

Sasa tujiulize faida ya kuyajua haya yote. Haikumfaa Lizzie, kwa kuwa alikuwa amekufa miaka 35 iliyopita. Lakini sisi twajifunza kwamba uvumbuzi ni jengo la mikono mingi. Henry George alileta fikira, Lizzie akachora ubao, wanafunzi wakaueneza, Marafiki wa Atlantic City wakautia majina, Darrow akaupamba. Si aibu kupokea kazi ya mwenzako na kuiendeleza. Hivyo ndivyo elimu yote ya wanadamu ilivyokua. Aibu ni kufuta jina la aliyekutangulia ili lako lionekane peke yake. Na jina lifutikalo upesi ni la mnyonge, aliyeuza haki yake kwa bei ndogo kwa sababu hakuwa na nguvu ya kudai kubwa.

Twajifunza pia namna ya kusoma historia. Hadithi ya maskini aliyetajirika ghafula hupendeza sikio, na kwa sababu inapendeza, watu hawaiulizi maswali. Wewe uulize. Usikiapo kwamba mtu fulani ndiye wa kwanza kufanya jambo, uliza nani alikuwako kabla yake, nani alimfundisha, na nani alifaidika kwa kusimuliwa hivyo. Tena uweke maandishi ya kazi yako. Kama Lizzie asingeliandika uvumbuzi wake katika hataza, na wazee wale wasingelizitunza mbao zao, hapana mahakama ambayo ingeliweza kuujua ukweli.

Na siku utakapokaa tena mbele ya ubao ule pamoja na jamaa zako, cheza kwa furaha, na ukiweza, shinda. Lakini utakapomwona mdogo wako ametoa shilingi yake ya mwisho ya karatasi kwa kuwa kete yake ilitua juu ya kiwanja chako, kumbuka kwamba aliyeuchora mchezo alitaka umtazame usoni saa hiyo hiyo, ukajiulize kama kanuni hizo ungezipenda kama zingalikuwa sheria za nchi yako.